Kifaru changu cha 1/72 kimekuwa cheusi chote. Nimekosea wapi?

SWALI: Mtaalamu, nimemaliza modeli yangu ya kwanza, T-34, kifaru cha Kisovieti, ya skeli 1/72 (ndogo mara 72 kuliko halisi). Kuunganisha hakukunipa taabu sana, ila minyororo ya mpira imegoma kulala juu ya magurudumu. Mambo yaliharibika nilipotaka ionekane imetoka vitani. Nilipaka woshi nyeusi, ile rangi nyembamba kama maji ya kutia vivuli, ikawa nyeusi yote. Nikaongeza kutu, sasa ni chuma chakavu. Stika nazo zina ukungu mweupe chini yake. Nimeshapata Sherman M4A1, kifaru cha Kimarekani, ya skeli hiyohiyo na sitaki iishie pabaya. Nifuate mpangilio gani, na je, inawezekana bila brashi ya hewa, ile ya kupulizia rangi?

JIBU: Nianze na la mwisho kwa kuwa ndilo jepesi. Brashi ya hewa inaweza kusubiri. Sherman nyingi za jeshi la Marekani zilitoka na rangi moja tu, kijani cha zeituni, na rangi moja juu ya kitu chenye urefu wa sentimita 8 haihitaji mtambo. Hata siku utakapojaribu mabaka ya rangi tatu ya vifaru vya Ujerumani, fanya hesabu kwanza: ukingo wa baka uliopulizwa vitani ukawa na ukungu wa sentimita 5 unabaki milimita 0.7 kwenye modeli yako. Ukingo huo brashi ya kawaida yenye ncha nzuri inauweza.

Sasa T-34. Weusi na ule ukungu wa stika vina chanzo kimoja, nacho ni uso wa rangi. Rangi za kijeshi hazing'ai, na rangi isiyong'aa ukiitazama kwa kioo cha kukuzia ni uwanja wa vilima na mabonde. Ukimwaga woshi juu yake, ile rangi nyembamba inanaswa kila bonde na haitoki tena, kwa hiyo kijani chote kinakuwa cheusi badala ya pembe na mifereji peke yake. Ukilaza stika juu ya uso huohuo, inakaa juu ya vilima na kuacha hewa kwenye mabonde. Hewa hiyo ndiyo ukungu unaouona. Dawa ya yote mawili ni koti moja la vanishi inayong'aa kabla ya stika na kabla ya woshi. Mng'ao utauondoa baadaye kwa vanishi isiyong'aa. Wanaoanza huogopa kuing'arisha modeli waliyoihangaikia isionekane kama gari la kuchezea, wakairuka hatua hii, na hatua hii ndiyo inayobeba zote zinazofuata.

Kutu ni jambo jingine, nitalifikia.

Kabla ya kushika kisu, zoea kuzidisha kwa 72. Ndiyo kanuni pekee ninayokuomba uikariri, kwa sababu inajibu maswali mengi kabla hujayauliza. Mchubuko wa milimita 1 uliouweka kwa brashi ni jeraha la sentimita 7 kwenye kifaru halisi. Ukiweka thelathini ya namna hiyo, kifaru kimevutwa juu ya mawe kutoka bandarini. Tabaka la rangi lenye unene wa milimita 0.1 ni sawa na milimita 7 za rangi, ndiyo maana vichwa vya ribiti hupotea. Chembe ya mchanga halisi uliyoibandika kama tope, hata iwe ya nusu milimita, ni jiwe la sentimita 3.6. Fimbo ya kushikia yenye unene wa sentimita 1.5 ingepaswa kuwa milimita 0.2, wakati ile ya plastiki ndani ya boksi mara nyingi ni mara mbili ya hapo au zaidi. Wanaojenga 1/35, skeli kubwa zaidi, wana nafasi ya kuonyesha tope lenye nyasi na rangi iliyobanduka kwa tabaka. Video nyingi za mafunzo ni za skeli hiyo, na mwanafunzi wa 1/72 anachukua mbinu zilezile kwa kipimo kilekile. Matokeo ni modeli inayopiga kelele. Mbinu zichukue, kipimo kipunguze nusu, kisha ukitazame tena kesho yake.

Tuje kwenye Sherman yenyewe. M4A1 halisi ilikuwa na urefu wa mita 5.84, upana mita 2.62 na kimo mita 2.74. Kwako hiyo ni kama milimita 81 kwa 36 kwa 38. Osha fremu za plastiki kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, zikauke zenyewe. Mafuta ya kiwandani yaliyobaki huikataa rangi. Kata kila kipande mara mbili, kwanza mbali na kipande, kisha kisiki kinachobaki ukikate karibu na kukimalizia kwa msasa. Ukikata mara moja karibu kabisa, plastiki hupasuka na kuacha doa jeupe au shimo.

Gundi ya modeli haigandishi kama gundi ya karatasi. Inayeyusha plastiki ya pande mbili zikawa kitu kimoja. Kwa hiyo tumia ile nyembamba kama maji: shikanisha vipande vikiwa vikavu, gusa ukingo kwa brashi yake, na gundi itajivuta yenyewe ndani ya ufa. Iache mpaka kesho kabla ya kupiga msasa, kwa sababu kiungo ambacho bado ni laini ndani kitazama baadaye na kuacha mfereji juu ya rangi yako. Gundi ya papo kwa papo iweke kwa chuma, resini na mpira. Fungua madirisha unapofanya kazi na gundi, tina (kiyeyushi cha rangi) na rangi za kupuliza, na ujue kwamba barakoa ya karatasi huzuia vumbi la msasa lakini mvuke hupita.

Mzinga ndio jicho la kwanza la mtazamaji. Nusu mbili za mzinga, au mstari wa kalibu unaokimbia urefu wake, ukibaki, hakuna uchakavu utakaouficha. Kwangua kwa mgongo wa kisu, zungusha kidogo, kwangua tena, ili usiutie mzinga ubapa. Kisha toboa mdomo kwa kekee ya mkono. Mzinga wa milimita 75 unahitaji tundu la milimita 1, na ukianza kwa kuchoma kituo kwa ncha ya sindano, kekee haitateleza. Huenda hii ndiyo dakika kumi yenye faida kubwa kuliko zote katika modeli nzima. Vishikio vya mifuniko, ukiwa na subira, vibadilishe kwa uzi mmoja wa shaba kutoka ndani ya waya wa umeme.

Bodi ya M4A1 ilimiminwa kwenye kalibu ikiwa ya mviringo, tofauti na ndugu zake walioungwa kwa bamba zilizonyooka. Uso wake halisi haukuwa laini kabisa. Ukitaka, pakaza gundi nyembamba juu ya plastiki, subiri ilainike kidogo, kisha igongegonge kwa brashi ngumu iliyokatwa fupi. Lakini kumbuka kuzidisha: ukwaru unaouona wazi ukiwa umeishika modeli mkononi ni mabonde ya sentimita nzima. Uwe unahisika zaidi kuliko kuonekana.

Usibandike magurudumu na minyororo kabla ya kupaka rangi kama muundo wa modeli unaruhusu. Yapake pembeni. Mpira wa gurudumu usiupake nyeusi tupu. Changanya kijivu cheusi na kahawia kidogo, uifanye nyembamba, kisha iguse kwenye mfereji kati ya chuma na mpira, nayo itazunguka yenyewe kama maji ya mvua yanavyofuata mtaro.

Minyororo ya T-34 yako bado inaokoleka, na inafaa uiokoe kwa sababu kulala kwake ni sehemu ya sura ya kifaru hicho. T-34 haina vigurudumu vya juu vya kubebea mnyororo. Uzito wote wa juu unaegemea magurudumu matano makubwa. Mnyororo ulionyooka kama mkanda wa mashine ndiyo alama ya kwanza ya modeli iliyofanywa haraka. Sukumia vipande vya sponji kati ya mnyororo na bamba la juu mpaka uguse magurudumu, tia tone dogo la gundi ya papo kwa papo juu ya kila gurudumu, kesho yake toa sponji. Sherman haitakusumbua hivyo, kwani ina vigurudumu vya juu na mnyororo wake huwa umekazwa. Kama boksi limekupa minyororo ya plastiki ngumu iliyokatwa vipande virefu na vifupi, ibandike na uikunje kuzunguka spoketi (gurudumu la meno) wakati gundi bado haijakaza.

Praima, rangi ya kwanza inayoshikisha nyingine, usiiruke. Kijivu kitakuonyesha kila ufa uliousahau, na rangi ya akriliki (ya maji) inayopakwa juu ya plastiki tupu kwa brashi hubanduka kwa kucha. Ukitumia ya kopo la kupuliza, simama umbali wa sentimita 20 hadi 30, anza kupuliza nje ya modeli na umalizie nje ya modeli, makoti mepesi. Siku yenye unyevu mwingi hewani acha kabisa, hasa kwa vanishi: hugeuka maziwa.

Kijani cha zeituni kutoka kwenye chupa kitakuwa cheusi mno kwako. Kwenye kitu kidogo jicho huisoma rangi kuwa giza zaidi, kwa hiyo punguza ukali wake kwa rangi ya mchanga au kaki, kiasi cha sehemu moja kwa tano au sita. Nyeupe tupu siipendi hapa. Hukifanya kijani kiwe cha chaki. Nyembamisha rangi, tumia brashi bapa laini, paka makoti mawili au matatu, na sehemu uliyoipita usiirudie mpaka ikauke. Kwenye nyuso zilizosimama, buruta brashi kutoka juu kwenda chini. Ikibaki michirizi midogo, itafanana na ya mvua na utakuwa umepata kazi ya bure. Baadaye ongeza mchanga zaidi kwenye rangi ileile na uiguse katikati ya nyuso za juu tu, mgongo wa tareti (mnara unaozunguka wenye mzinga), kifuniko cha injini, palipopigwa na jua.

Vanishi inayong'aa, kisha stika. Kata ukingo wa ziada, loweka kwenye maji kwa nusu dakika, isubiri iteleze yenyewe kwenye karatasi yake, isogeze mahali, kisha ipake dawa ya kulainisha stika. Itakunjamana na utashtuka. Usiiguse, ikikauka itakuwa imelala. Nyota kubwa juu ya bodi ya mviringo inahitaji kurudiwa dawa mara kadhaa na kuchomwa kwa ncha ya sindano mahali penye povu. Vanishi tena juu yake.

Woshi sasa. Kwa akriliki uliyoipaka, tumia woshi ya enameli (inayoyeyushwa kwa tina, siyo maji) au ya rangi ya mafuta ya wachoraji, kwa sababu tina yake haiigusi akriliki. Siri ni kutokuweka tabaka jipya lenye kiyeyushi kilekile cha tabaka la chini. Rangi ya mafuta ikamue juu ya kipande cha boksi la karatasi saa kadhaa kabla, karatasi ifyonze mafuta yake. Ikibaki nayo, itang'aa na kuchukua siku nyingi kukauka. Chagua kahawia iliyokolea. Nyeusi iache. Vivuli vya nje vina rangi ya vumbi na mafuta, na kahawia juu ya kijani inasomeka kuwa kivuli bila kuua kijani chenyewe.

Usiimwage. Chovya brashi nyembamba, gusa kichwa cha ribiti, ukingo wa kifuniko, mstari wa mlango, uache ijivute. Baada ya robo saa au nusu saa, chukua brashi nyingine iliyoloweshwa tina na kukaushwa kwenye kitambaa, ufute iliyozidi. Palipolala futa kwa kuzunguka, paliposimama vuta kwenda chini. Hapo ndipo utakapoona kwa nini tulipaka vanishi inayong'aa: iliyozidi inatoka safi, ya pembeni inabaki.

Kama woshi uliyoitumia kwenye T-34 ilikuwa ya enameli, na rangi ya chini ilikuwa akriliki, jaribu kuinyanyua kwa tina yake kwa brashi, sehemu ndogo ndogo, hata sasa. Nyingine haitatoka, lakini sehemu za juu zitapauka na pembe zitabaki nyeusi, ambacho ndicho ulichokitaka. Kama ilikuwa ya akriliki imeshaganda. Paka kijani chepesi chepesi katikati ya kila bamba ukiacha pembe zilivyo. Na kabla ya kugusa Sherman, kila mbinu mpya ijaribu kwenye tumbo la T-34.

Brashi kavu je, yaani kupitisha brashi yenye rangi kidogo mno juu ya kingo? Mbelgiji François Verlinden alikuwa miongoni mwa walioipa umaarufu pamoja na woshi katika miaka ya 1980, na kwa muda kila kifaru duniani kilikuwa na kingo nyeupe. Kwenye 1/72 bado ina kazi, kwa kuwa vitu vidogo mno vinahitaji msaada ili vionekane. Lakini rangi yake iwe ya chini iliyopauliwa kidogo tu, na brashi iwe imefutwa mpaka uamini haina kitu. Ukiona ukingo umeng'aa kabla hujamaliza kuupitia, umezidisha.

Michubuko na kutu ndipo modeli nyingi zinapokufa, na hapa ndipo ninapotaka uwe mkali kwa nafsi yako. Kabla ya kila doa jiulize nani au nini alilisababisha. Wanajeshi wanapanda kifaru kwa njia ileile kila siku: mguu kwenye pembe ya bamba la mbele, mkono kwenye kishikio, goti kwenye ukingo wa mfuniko. Hapo rangi hulika. Katikati ya ubavu wa tareti nani alipita? Hakuna mtu, labda tawi la mti. Masanduku ya zana huchubuka pembe. Mahali pa koleo na shoka, pale vinapofungwa na kufunguliwa, huchubuka. Chukua kipande cha sponji, kichovye kwenye rangi, kigonge kwenye karatasi mpaka kiache nukta ndogo tu, kisha gusa kingo hizo. Anza na rangi ya chini iliyopauliwa, hiyo ni mikwaruzo iliyogusa rangi peke yake. Ndani ya baadhi ya nukta hizo, weka kahawia nyeusi kwa ncha ya brashi, hayo ni majeraha yaliyofika chuma. Yawe machache kuliko unavyotamani.

Kutu inahitaji muda, na kifaru cha vita hakikuwa nao. Bamba la mbele la Sherman yako lilikuwa na unene wa milimita 51, na kifaru kilichoshuka Normandi Juni 1944 hakikuwa na miaka kumi ya kukaa mvuani; kilitembea, kikapakwa upya, kikateketea au kikahamishwa. Kutu halali iko mahali pachache. Bomba la moshi, kwa kuwa joto huchoma rangi na kuacha chuma uchi. Kamba za chuma za kuvutia. Vipande vya akiba vya mnyororo, kama ni vya chuma. Kutu changa ni ya machungwa, ya zamani ni kahawia nyeusi, na ya machungwa ikipita upana wa kidole chako ujue unatengeneza mabaki ya vita.

Kuna vifaa ambavyo hata hiyo huna ruhusa nayo. Gari la kubebea askari la M113, lililoanza kutumika mwaka 1960, lina bodi ya aluminiamu, na paneli nyingi za Land Rover za zamani ni aluminiamu pia. Ukiwapa kutu, anayejua atacheka. Mikwaruzo yao iwe ya kijivu kilichopauka. Kwa hiyo swali la kwanza kwa gari lolote jipya mezani ni: limetengenezwa kwa nini?

Minyororo nayo ina hadithi yake. Watu wengi hupaka fedha mnyororo mzima au kutu mnyororo mzima. Angalia nini kinagusa nini. Mnyororo wa T-34 unasukumwa na gurudumu la nyuma ambalo halina meno ya nje. Ndani yake kuna roli zinazoshika pembe zilizo katikati ya mnyororo, pembe moja kila kipande cha pili. Pembe hizo hung'aa. Uso unaogusa ardhi hung'aa kwenye sehemu zilizoinuka. Uso wa ndani, magurudumu yenye mpira yakipita, husuguliwa tu ukawa mweusi laini, ila T-34 zilizopewa magurudumu yenye ukingo wa chuma wakati mpira ulipokuwa adimu ziliupa uso huo mng'ao wa kweli. Sherman ni kinyume kabisa: spoketi iko mbele, na mnyororo wake mara nyingi ulikuwa na matofali ya mpira. Mpira haung'ai na haushiki kutu. Kinachong'aa ni vile viunganishi vya chuma vya pembeni, ambavyo meno ya spoketi huingia ndani yake na magurudumu hupita kati yake. Lakini soma boksi lako kwanza, kwani Sherman zilitumia pia minyororo ya chuma. Mng'ao wenyewe usiutafute kwenye chupa ya fedha. Sugua kwa ncha ya penseli laini, 4B au 6B, na utapata chuma kilichofanya kazi. Penseli hiyohiyo ipitishe kwenye bunduki za juu na ukingo wa mifuniko.

Vumbi na tope huja baada ya vanishi isiyong'aa, na mpangilio huu ni wa lazima. Poda za rangi ukizinyunyizia vanishi juu yake, nusu yake hutoweka na nyingine hugeuka giza. Kama huna poda za modeli, saga chaki za pastel za wachoraji kwenye msasa. Hakikisha ni pastel kavu, kwani zile za mafuta hazisagiki. Changanya rangi tatu za udongo, moja iliyopauka, moja ya kati, moja nyeusi. Uzipake kavu kwa brashi laini kwenye magurudumu, chini ya bodi, nyuma, na kwenye pembe za bamba la mbele. Kisha gusa tone la tina kwa brashi ukiacha lijisambaze lenyewe. Zitakuwa nyeusi kwa dakika chache na utadhani umeharibu. Subiri zikauke, zitarudi kupauka.

Fikiria njia ya udongo. Mnyororo unaokota chini, unapanda nao na kuumwaga juu ya bamba za pembeni na nyuma ya kifaru. Askari huja na buti zao na kuacha udongo juu ya bamba la mbele, kisha karibu na mifuniko. Mvua huosha paliposimama na kukusanya vumbi palipolala, hasa kwenye pembe ambapo bamba mbili zinakutana. Tope bichi ni jeusi na liko chini. Lililokauka jana limepauka na liko juu yake kidogo. Kwenye lori, matairi ya mbele hutupa tope nyuma yake kwa umbo la mkia, na paa hupata vumbi tu. Ukitaka tope lenye unene, changanya poda na akriliki isiyong'aa na plasta laini iliyochekechwa, na uiweke chini ya magurudumu na kwenye spoketi peke yake.

Picha za wakati wa vita zitakufunza kuliko mimi. Tafuta picha tatu au nne za M4A1 za mahali pamoja na msimu mmoja, kisha uzitazame kwa swali moja tu: uchafu unaishia wapi? Mara nyingi utaona mstari wa vumbi unaofika nusu ya ubavu, na nyota iliyofifia kwa kufunikwa na udongo, wakati mwingine kupakwa makusudi kwa sababu ilimpa adui shabaha. Rangi usiisome kutoka picha nyeusi na nyeupe. Na vifaru vya makumbusho tumia kwa maumbo, siyo kwa uchafu. Tiger 131, kifaru cha Wajerumani kilichotekwa Tunisia Aprili 1943 na sasa kiko kwenye makumbusho ya vifaru ya Bovington, Uingereza, ndiyo Tiger maarufu zaidi inayotembea, na ni chanzo kizuri sana cha nati na bawaba. Lakini imerekebishwa na kupakwa rangi upya, kwa hiyo unayoyaona juu yake ni matunzo ya watu wanaoipenda.

Mwishoni kabisa, wakati kila kitu kimekauka na huna tena cha kupulizia juu yake, weka vitu vilivyo majimaji. Mafuta huacha alama pale yanapojaziwa, karibu na vifuniko vya matangi pembezoni mwa sitaha ya injini, na grisi hutoka katikati ya magurudumu. Changanya kahawia nyeusi na tone la vanishi inayong'aa, iguse mara moja au mbili kwa brashi nyembamba kabisa, na uivute chini kwa urefu wa milimita 2 au 3. Petroli ya M4A1 hukauka haraka na kuacha doa lililofifia. Mafuta ya kulainisha hubaki yaking'aa. Alama hizi zipakwe baada ya vanishi isiyong'aa, kwani ukiipuliza juu yake, mng'ao unaozifanya zionekane mbichi utapotea.